Kupanda Mlima Ukiwa Umelala

Jumamosi, saa kumi na moja jioni. Mvua ya hapa Woolwich imeanza tangu asubuhi, ile nyembamba ambayo huisikii ukiwa ndani, ila ukitoka kutupa taka unarudi umelowa. Vidole vyangu vina wino mpaka kwenye kucha na sitaki kunawa.

Sijaandika hapa kwa karibu wiki tatu. Huwa naandika kwa Kiswahili kwa sababu shuleni kwetu hakuna anayekijua, kwa hiyo ukurasa huu uko wazi kwa dunia nzima na bado ni kama nimejifungia mlango. Nina wasomaji saba. Mmoja wao ni Mama, ambaye anajifanya hasomi.

Mama, kama unasoma, soma mpaka mwisho.

Nianze na picha, maana kila kitu kilianzia hapo. Mwaka huu nafanya sanaa kwa mtihani na kila mmoja alitakiwa kuchagua mada. Wenzangu wamechagua viatu, nyuso za rafiki zao, maandishi ya ukutani. Mimi nilichagua picha za milima na maji za China ya zamani. Nilizikuta kwenye jumba la makumbusho siku ya ziara ya shule, baada ya kulipoteza kundi, na nikiri kwamba sikulipoteza kwa bahati mbaya. Zilikuwa kwenye chumba chenye mwanga hafifu, kwa sababu hariri ya zamani haipendi mwanga. Hakukuwa na mtu mwingine.

Mlima ulikuwa mkubwa kiasi kwamba kilele chake kilipotelea kwenye ukungu. Nilipoinama niuone vizuri ule ukungu, niligundua kwamba hakuna aliyeuchora. Ni hariri tupu. Mchoraji alikuwa ameacha tu kuigusa. Na chini kabisa, kando ya msonobari, kulikuwa na kibanda, na ndani ya kibanda mtu mdogo kama punje ya mchele, amekaa na kitabu chake. Juu pembeni paliandikwa shairi, kwa brashi ileile iliyochora mlima.

Nilisoma maelezo ukutani. Wengi wa wachoraji hao walikuwa watu wa vitabu, baadhi yao maofisa wa serikali waliochoka na kelele za mjini wakaenda kujitenga milimani. Wengine hawakuweza kuondoka, kwa hiyo wakachora kule ambako wangependa kuwa.

Nilimwangalia yule mtu wa punje ya mchele nikafikiri: huyu ni mimi.

Mimi ndiye ninayekula chakula cha mchana maktabani, nyuma ya rafu ya jiografia, ingawa hairuhusiwi. Ndiye ninayejua jibu darasani na kuliandika pembeni ya daftari badala ya kuinua mkono. Siku zote nilidhani hiyo ni kasoro. Siku ile nikaona kumbe kuna watu walioifanya kuwa kitu kizuri, wakaipigia na ile mihuri myekundu ambayo wachoraji hao huiweka kwenye picha zao.

Nitarudi kwenye hilo. Nilikosea, na nitasema wapi.

Sasa Mamkubwa. Mamkubwa ni dada yake Mama. Amefanya kazi ya kutunza wazee wa watu katika mji huu tangu kabla sijazaliwa, akiwageuza vitandani, akiwalisha, akiwaimbia nyimbo za kanisani kwetu ambazo hawakuzielewa. Sasa yeye ndiye anayegeuzwa. Ugonjwa umeingia kwenye mifupa. Tangu Januari analala chumbani kwangu na mimi nalala kwenye kochi la sebuleni. Kati yetu kuna ukuta mmoja, mwembamba.

Alikuwa anataka kitu kimoja tu, kurudi Mtae. Mtae ni kule juu kabisa ya milima ya Usambara, ambako yeye na Mama walizaliwa, na nyumba ya wazazi wao bado ipo. Daktari alisema ndege hataiweza tena. Mamkubwa aliitikia kwa kichwa, akamshukuru, na tulipobaki wenyewe akageukia ukutani.

Wakati huohuo nilikuwa nimesoma habari ya mchoraji mmoja wa kale sana. Alipenda milima maisha yake yote, na miguu ilipomshinda akaichora kwenye kuta za chumba chake, ili aendelee kusafiri akiwa amelala. Niliisoma mara tatu. Kisha nikanunua karatasi ndefu ya kukunja nikaanza.

Nilichora barabara nzima ya kwao. Kule nimefika mara moja tu, nikiwa na miaka sita, kwa hiyo nilitumia picha za Mama na maneno ya Mamkubwa aliyokuwa akiyasema bila kujua kwamba nayaandika. Mombo chini kwenye joto. Kona za barabara. Maporomoko ya Soni. Lushoto, halafu Lukozi, halafu ile njia inayokwenda mpaka dunia inapokatika ghafla na chini unaona nyika tupu. Halafu nyumba. Gombo lilikuwa na urefu wa mita nne. Mwalimu wa sanaa alisema ndilo liwe kazi yangu ya mtihani, na kwamba niandike na shairi pembeni.

Magombo marefu ya Kichina ya aina hii hayatundikwi. Hukaa yamekunjwa, na ukitaka kuona unalifungua kwa mikono miwili, kipande cha urefu wa mikono tu, unatazama, unakikunja upande mmoja na kufungua upande mwingine. Unasafiri humo polepole. Na hufunguliwa kutoka kulia kwenda kushoto.

Nilijua hayo yote. Nilimweleza Mamkubwa hayo yote, Jumatatu ile, nikiwa nimekaa kitandani kando yake na gombo limelala juu ya mapaja yake. Mikono yake ilikuwa haina nguvu ya kulishika, kwa hiyo alishika ncha moja na mimi nikashika nyingine.

"Haya profesa," alisema. "Nipeleke."

Nikafungua kutoka kulia. Kitu cha kwanza kilichotokea kilikuwa nyumba.

"Ee! Kwetu hapa," alisema. "Ile mikaratusi. Na benchi la baba."

Nikakunja, nikafungua. Nyumba ikapotea. Ikaja Lukozi, halafu Lushoto, halafu Soni. Mamkubwa akaitazama karatasi, kisha akanitazama mimi.

"Rehema, mbona unanishusha?"

Nilikuwa nimechora kama ninavyoandika, kutoka kushoto. Mombo kushoto kabisa, nyumba kulia kabisa. Wiki sita za kazi na sikuwahi kulifikiria hilo. Safari niliyomchorea ya kurudi nyumbani, ukiifungua kwa namna inavyopaswa kufunguliwa, ilikuwa safari ya kuondoka.

"Hivi ndivyo nilivyoondoka," alisema. "Hata mvua ya Soni umeiweka. Nani alikwambia siku ile ilinyesha?"

Haikuwa mvua. Nilimwaga kikombe cha maji pale na wino ukachuruzika. Nilimwambia hivyo, nikamwambia na kosa lenyewe, nikiwa nakaribia kulia. Akacheka mpaka akakohoa, mpaka Mama akaja mlangoni kuangalia kuna nini.

"Mwanao ni Mchina wa Kisambaa," alimwambia Mama. Kisha akaniambia, "Ligeuze basi. Wachina watatusamehe. Nipandishe."

Tukashuka hadi Mombo, tukaanza kupanda.

Ile nusu saa sitaisahau. Aliizungumza barabara yote. Hapa basi lao lilikuwa likipoa injini. Hapa aliwahi kutapika juu ya viatu vya mchungaji. Tulipofika karibu na Soni akamwona mtu wangu wa punje ya mchele, maana nilikuwa nimemweka na yeye, juu ya jabali, kwenye kibanda chake.

"Na huyu bwana?"

"Amejitenga," nilisema. "Ameacha mambo ya dunia. Anasoma."

"Nani anampikia?"

Niliinama nikakikagua kibanda, kana kwamba kuna jiko nililolichora nikasahau.

"Basi nyuma ya kibanda kuna mwanamke umesahau kumchora." Akasogeza uso karibu na karatasi. "Na moshi uko wapi?"

"Moshi gani?"

Akanieleza. Kwao, asubuhi ukiamka unaangalia nyumba za ng'ambo ya bonde. Kila jiko linatoa moshi wake. Nyumba ambayo haijatoa moshi mpaka jua limepanda, mtu anatumwa akaangalie. Bila maneno mengi wala kuulizana. Mtoto anaambiwa, nenda kwa fulani, leo hana moshi.

"Huyu bwana wako majirani wangeshafika," alisema. "Wangemkuta na kitabu chake, wakamtukana vizuri, wakamwachia viazi."

Kisha akachoka, ghafla, kama taa inavyozimwa. Aliniomba nimsaidie kugeuka. Nilipomshika mgongoni nilihisi mifupa yake yote mikononi mwangu, moja moja, na hakukuwa na uzito. Sijawahi kumshika mtu asiye na uzito.

"Hapa Soni panatosha kwa leo," alisema. "Tutamalizia kesho."

Kesho yake nilisema nina kazi za shule.

Kesho kutwa vilevile.

Hii ndiyo sehemu ambayo sijamwambia mtu. Kwa siku kumi na tisa nimeishi nyumba moja na Mamkubwa, fleti ya vyumba viwili, na sikuingia kukaa naye. Nimeingia kuchukua soksi. Nimeingia kuchukua sare, nikiangalia kabati tu. Shule ikiisha nilikwenda maktaba ya mtaani mpaka inafungwa, halafu nikatembea sokoni katikati ya watu wanaofunga meza zao, ili nifike nyumbani wakati amelala. Nilijiambia kwamba ninajitenga. Nilitumia neno hilohilo. Nilikuwa na kitabu kizima cha picha cha kunithibitishia kwamba ni jambo la heshima.

Na kuna kitu kingine chini ya hicho, cha kijinga zaidi. Niliogopa kumaliza gombo. Nilifikiri kwamba akishafika nyumbani, atakuwa amemaliza, na ataondoka. Kama hajafika, lazima asubiri.

Kwa hiyo nilimwacha Soni. Nilimwacha kando ya barabara siku kumi na tisa, kwenye mvua niliyoimwaga mimi mwenyewe.

Yeye hakuniacha. Asubuhi ya kwanza baada ya Jumatatu ile niliamshwa na mgongo wa kijiko ukigonga ukuta juu ya kochi langu, mara mbili. Ngo, ngo. Kisha sauti yake, "Naangalia moshi." Niligonga mara mbili kwa kidole. Kila asubuhi ikawa hivyo. Nilijibu siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Baadaye nikaanza kulala kimya kama sijasikia, kwa sababu kujibu kulinifanya nijione mnafiki. Aliendelea kugonga. Kijiko kilizidi kuwa chepesi siku hadi siku, ila aligonga.

Juzi, Alhamisi, hakugonga.

Ijumaa hakugonga. Muuguzi alikuja alasiri, nilipopitia nyumbani kuacha sare, akakaa na Mama jikoni mlango umefungwa, na Mama akatoka na macho mekundu akaanza kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Aliniambia bila kugeuka, "Kama una neno la kumwambia dada yangu, usiliweke."

Nikaenda maktaba ya mtaani. Ndiyo, hata baada ya hapo. Ijumaa nilikwenda nikaketi kwenye kiti changu nyuma ya rafu, nikafungua kile kitabu cha milima, na kwa mara ya kwanza nikasoma tafsiri za yale mashairi ya pembeni, ambayo siku zote niliyaruka kwa sababu nilidhani yanazungumzia ukungu.

Hayakuzungumzia ukungu. Nusu yake yalikuwa barua. Mtu yuko peke yake mlimani na anamwandikia rafiki yake: jana nilikusubiri, hukuja. Mvinyo upo. Njia imefunikwa na majani, nimeifagia. Na picha zenyewe, kumbe, nyingi zilichorwa kwa ajili ya mtu fulani, zikatumwa. Yule mtu wa punje ya mchele hajakimbia watu. Ameketi akiangalia njia.

Hapo ndipo nilipokosea. Nilidhani mimi na yeye tumekaa kimya kwa sababu moja.

Leo asubuhi niliamka saa kumi na mbili nikasubiri kijiko. Saa moja. Saa mbili. Mvua dirishani. Saa tatu nilijisikia nikiambiwa kitu, waziwazi kabisa, kwa sauti ya Mamkubwa ya kumtuma mtoto: nenda kwa fulani, leo hana moshi.

Nikalichukua gombo nikaingia.

Macho yake yalikuwa yamefumba. Mdomo wazi kidogo. Anapumua, halafu anakaa, mpaka unadhani basi, halafu anapumua tena. Kwenye meza kulikuwa na kikombe cha maji na kile kisponji cha kumlowanishia midomo. Nilikaa pale nilipokaa siku ile. Nikalifungua gombo juu ya mapaja yake, Soni, palepale, na nikakumbuka kwamba haoni.

Nilichelewa. Nataka liandikwe hapa hivyo. Nilimchorea njia ya macho, nikakaa nayo mpaka macho yakafumba.

Kilichobaki ni kusema. Na mimi kusema ndicho nisichokiweza. Kiswahili changu cha kuandika ni kizuri kuliko cha mdomoni. Mamkubwa amenisemesha Kiswahili miaka yote na mimi nimemjibu kwa Kiingereza miaka yote, kama watoto wote wa kanisani kwetu. Lakini barabara ile haina Kiingereza. Nikaanza, kwa sauti ndogo, nikiona haya hata mbele ya mtu aliyelala.

"Mamkubwa, shikamoo. Samahani kwa kukuacha. Tupo Soni. Tunaondoka sasa."

Nikasema maji yapo kushoto. Nikasema barabara inapanda, kuna kona, kuna kona nyingine. Nilikosa neno la zile ngazi za mashamba, nikasema tu mashamba kama ngazi. Nilisema kabichi. Nilisema mtu anauza mapeasi kwenye ndoo. Tulipita Lushoto. Sauti yangu ilianza kutulia.

"Lukozi siku ya soko hapapitiki," alisema mtu nyuma yangu.

Mama alikuwa mlangoni na mwiko wa uji mkononi. Sijui alisimama hapo tangu lini.

"Mwambie leo ni siku ya soko," alisema.

"Mwambie wewe, Mama."

Akaja, akakaa upande wa pili wa kitanda, akauweka mwiko chini kwenye zulia, yeye ambaye hunigombeza kwa kuweka kikombe. Akashika ile ncha ya gombo aliyokuwa akiishika dada yake.

"Dada," alisema. "Tumefika Lukozi. Yule mama wa ndizi bado yupo, na bado ni mwizi."

Tukaenda hivyo, mimi nikifungua na yeye akikunja. Mahali penye ukungu hakukuwa na kitu kwenye karatasi, ni weupe tu, na mimi nikasita, lakini Mama aliuzungumza weupe ule kama mtu anayesoma. Hapa ni kwa mwalimu. Hapa kulikuwa na mbwa. Hapa tulikuwa tunavua viatu ili tusivichafue kabla ya kanisa. Karatasi ilitoa sauti ndogo kila alipokunja.

Kisha mikaratusi. Benchi. Nyumba.

Na nikaona kwamba haina moshi. Nilikuwa nimepaka anga lote la pale rangi ya kijivu, kwa bidii, mpaka kwenye paa. Hakukuwa na weupe wowote wa kuacha.

Wino ninaotumia si wa kweli, ni wa shuleni, ukiulowanisha unatoka. Nikachukua kisponji cha Mamkubwa, nikakichovya kwenye kikombe chake, nikaanza kufuta juu ya paa, taratibu, kuelekea juu. Wino ukaja vidoleni. Karatasi ikabaki nyeupe nyuma yake, mstari mwembamba, uliopinda kidogo juu kama upepo umeugusa.

"Jiko la mama," alisema Mama, kwa sauti ambayo sikuijua.

Nikakaa na kisponji mkononi. Sikujua kinachofuata ni nini. Tulikuwa mlangoni.

"Piga hodi basi," alisema. "Utaingiaje kwa watu kimya kimya?"

"Hodi," nilisema.

Mamkubwa akapumua. Akakaa. Akapumua. Mama aliinama akaweka paji la uso wake juu ya mkono wa dada yake, na ni yeye aliyejibu, kwa niaba ya nyumba.

"Karibu. Karibu dada. Umechelewa sana."

Hayo ndiyo yaliyotokea. Sijui kama alisikia. Muuguzi aliwahi kusema masikio huwa ya mwisho kuzima, na nimeamua kumwamini. Gombo nimeliacha pale, limefunguliwa kwenye nyumba, juu ya blanketi. Jumatatu linatakiwa shuleni, na nitamwandikia mwalimu kwamba halitakuja, na kwamba lile shairi alilotaka niliandike pembeni sitaliandika. Kama kuna mtu wa kuandika hapo si mimi.

Sasa hivi Mama amelala kwenye kiti kando yake. Nasikia kupumua kwa watu wawili kupitia ukutani, mmoja wa kawaida na mmoja wa kusubiri.

Mamkubwa, sijui kama nimekufikisha au nimekuondoa. Bado sijui gombo lile lilifunguliwa upande gani.

Mwanga wa dirishani unakwisha. Nimeacha kuandika kidogo, nimepiga magoti juu ya kochi, nimegonga ukuta mara mbili.

Nasikiliza.